Sura ya Ishirini Iko Wapi

Monarch, Francistown
Alhamisi, 2 Oktoba 2014

Mpwa wangu Keneilwe,

Kimepatikana. Kama uko kwenye foleni ya uji, toka kwenye foleni, tafuta mahali ukae, kisha endelea kusoma.

Kitabu cha tatu cha Jiji la Masikio kiko mezani kwangu sasa hivi, kimelala karibu na chupa ya achari. Nimekizungushia kitambaa safi, usianze. Aliyekipata ni Mma Thato, yule mama mwanafunzi wangu wa udereva, anayeuza viatu vya shule. Alikwenda Gaborone kuchukua mzigo, akakiona kwenye dirisha la duka la vitabu, imebaki nakala moja. Nilidhani amekinunua kwa wema. Aliponikabidhi alisema, "Rra, bwana mwalimu, nimechoka kusikia habari za huyo Vela kila ninapogeuza usukani. Soma umalize, na mimi nipate kufundishwa." Bado anayagonga madumu ya mazoezi akirudi nyuma kuegesha, lakini ana moyo.

Tatizo ni kwamba kitabu ni kimoja, wewe uko bwenini Maun mpaka mitihani iishe, na mimi niko huku. Nimefikiri. Nimekikata. Usipige kelele, wenzako wanasoma. Nimekikata kwa wembe mpya, vipande vitatu, nikashona kila kipande kwa uzi wa viatu. Nasoma kipande, nakifunga, nampa Phenyo wa basi la asubuhi, yule niliyemfundisha mimi mwenyewe, ndiyo maana hufika. Wewe unasoma, tunabishana kwa barua, kisha kipande kinachofuata.

Usisahau tulipoachia. Katika kila nyumba ya lile Jiji kuna mtu mmoja aliyeteuliwa kwa siri kuwa Sikio, anayepeleka kwa wakubwa kila kinachosemwa mezani. Baba yake Vela alichukuliwa kwa maneno aliyoyasema wakila. Mezani walikuwapo Vela, mama yake Marda, kaka yake Ilo, na mjomba wao Bruk. Mmoja wao ndiye. Vitabu viwili vizima mwandishi ametuzungusha, na hiki ni cha mwisho, hana tena pa kukimbilia.

Mimi nasema ni Ilo. Wewe tangu kitabu cha kwanza umemshika koo mjomba Bruk, bila ushahidi wowote ila kwamba hana mke na anacheka sana. Nimejitahidi kutolichukua jambo hilo kama linanihusu.

Hisabati kwanza, kitabu baadaye.

Mjomba wako,
Ditiro


Bwenini, Maun
Jumatatu, 6 Oktoba 2014

Mjomba,

Kipande cha kwanza kimefika na kinanuka maandazi. Ukurasa wa hamsini unaonyesha mpaka upande wa pili kwa mafuta. Hicho kitambaa safi ulikizungushia kitabu au uliyazungushia maandazi?

Nimesoma mpaka taa zikazimwa. Sasa nakuuliza kama wakili. Sura ya saba, mkaguzi anaingia nyumbani kwao kwa mara ya kwanza. Mama anatetemeka, Ilo anatazama sakafu. Bruk anasimama kumpa mkaguzi chai, anatia sukari vijiko viwili, anakoroga, anampa. Hakumuuliza anakunywa na sukari kiasi gani. Mjomba, mtu hujuaje sukari ya mtu ambaye hajawahi kumwona? Nimewasomea wasichana wa chumbani, wote wamenyamaza. Hata Gofaone, ambaye kwa kawaida hanyamazi hata akipiga mswaki.

Jambo lingine, nijibu bila mzaha. Mama ana nini? Barua yake ya mwisho ni nusu ukurasa, na mwandiko wake ni mzuri. Unajua Mama akiandika kawaida herufi zinakimbizana kama kuku. Akiandika vizuri anaficha kitu. Mwaka ule Baba alipolazwa aliniandikia barua ambayo ungedhani imepigwa chapa.

Na sema kweli, umeshausoma mwisho?

Keneilwe


Monarch, Francistown
Alhamisi, 9 Oktoba 2014

Wakili wangu mpendwa,

Kuhusu sukari. Mimi humtilia kila mgeni vijiko viwili bila kuuliza, kwa sababu nikimuuliza atasema vitatu. Kama huo ndio ushahidi, nikamateni na mimi.

Mwisho sijausoma. Kipande cha tatu kiko juu ya kabati, na nimekiwekea pasi juu yake. Nakipita kila siku kama mlevi aliyeokoka anavyoipita baa.

Mama yako hana neno. Nilikuwa Tonota Jumapili. Anapaka rangi nyumba, ile rangi ya maziwa, kwa hiyo mikono yake imechoka na pengine ndiyo maana anaandika polepole. Amepata na mazulia. Kiti cha baba yako amekipeleka kusukwa upya, kile cha kamba za ngozi. Nimesema kiti? Kilikuwa kinatoboka tu, mtu angeanguka. Nyumba ikipakwa rangi kila kitu kingine huonekana kibovu, ndivyo ilivyo.

Nakutumia kipande cha pili, sura ya kumi na tatu mpaka ya ishirini na nne. Nitakuonya jambo moja tu: usikisome haraka. Na usikisome usiku. Afadhali usikisome kabisa mpaka umalize karatasi ya kwanza ya Hisabati. Kwa kweli sijui kwa nini nakituma.

Mma Thato anakusalimu. Leo amegonga dumu moja tu.

Mjomba wako,
Ditiro


Bwenini, Maun
Jumanne, 14 Oktoba 2014

Mjomba Ditiro,

Sura ya ishirini iko wapi?

Nimehesabu, nimerudia, nimempa Gofaone naye ahesabu. Ya kumi na tisa inaishia Vela yuko mlangoni kwao, ametembea jangwa zima, ameshika komeo. Ukifunua, ni sura ya ishirini na moja: Vela yuko peke yake juu ya treni ya makaa, analia, anaapa hatarudi tena nyumbani. Kati ya komeo na treni hakuna kitu. Aliingia? Alikuta nini mle ndani?

Usiniambie zimechomoka. Karatasi zikichomoka huacha uzi na vijisehemu. Hapa kuna ukingo umenyooka kama rula. Ule wembe mpya, Mjomba. Tena ukashona upya juu yake, mishono ya hapo ni midogo kuliko mingine. Ulikaa chini ukashona kwa uangalifu, wewe ambaye vifungo vyako unavifunga kwa pini.

Sasa najiuliza ni nini mtu mzima anaweza kukikuta kwenye kitabu cha vijana asitake nikisome. Mambo ya chumbani hapana, kitabu cha pili kilikuwa nayo na wewe ulinitumia, ukaandika pembeni "ruka hapa", nami sikuruka. Kwa hiyo si aibu. Ni kitu kingine. Tena sura zinazofuata Vela hamtaji mama yake kabisa. Kabla ya hapo alikuwa akimtaja kila ukurasa.

Barua ya Mama ya wiki hii haijaja.

Nataka hiyo sura.

Keneilwe


Monarch, Francistown
Jumapili, 19 Oktoba 2014

Mpwa wangu,

Ilikuwa mbuzi.

Najua inavyosikika. Lakini unamjua yule mbuzi wa jirani, mweupe, mwenye sikio lililochanika. Niliacha kipande cha pili kwenye kiti cha nje nikaingia kuchukua miwani. Niliporudi alikuwa anatafuna na ananitazama. Zile kingo zilizobaki zilikuwa mbaya nikazinyoosha kwa wembe, kwa heshima ya kitabu. Hiyo ndiyo habari yote.

Na kama unataka kujua kilichokuwamo, si kikubwa. Vela anaingia, wanaongea ongea, anatoka. Mwandishi alikuwa anajaza kurasa. Hata mbuzi hakukimaliza.

Barua hii ni fupi kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia niliuunguza jana na birika, kubwa lile la chai ya watu wengi. Si kitu, nimepaka mafuta.

Mama yako anakusalimu. Ana kazi nyingi. Atakuandikia.

Mjomba wako,
Ditiro


Bwenini, Maun
Jumanne, 21 Oktoba 2014

Mjomba,

Birika kubwa la chai ya watu wengi. Watu gani?

Usijibu bado, soma kwanza. Gofaone alipewa ruhusa Ijumaa kwenda kung'olewa jino kwao. Jumamosi jua halijatoka alikuwa kwenye gari dogo anapita Tonota, akapita karibu na uwanja wetu. Jana amerudi. Hakutaka kusema. Unajua Gofaone, akinyamaza kuna jambo. Nilimbana mpaka akasema.

Ameona magari kwenye ukuta wetu. Ameona wanaume wazima wamevaa makoti, joto lote hili. Ameona wanawake wanaingia kwa mstari, magauni ya bluu, vitambaa kichwani, mablanketi mabegani yamebanwa kwa pini. Alfajiri ya Jumamosi, Mjomba. Kila mtu hapa bwenini anajua watu wa kwetu huvaa hivyo saa hizo wakienda wapi. Hivyo ndivyo walivyovaa tulipomzika Baba. Gofaone anasema hakuona hema la msiba. Anasema hivyo kunifariji. Hema linaweza kuwa nyuma ya nyumba.

Na wewe alikuona. Umeinama kwenye moto, upande wa jikoni, na watoto. Hukuwa umekaa na wanaume. Alisema ulikuwa kama mtu aliyefukuzwa.

Nililia kwa matroni mpaka akanipa simu ya ofisini. Nikapiga namba ya Mama. Akapokea Mma Seabe, jirani yetu. Nikasema naomba Mama. Akasema, "Mama yako amelala, mwanangu. Wewe soma." Saa tano ya asubuhi. Mama yangu hajawahi kulala saa tano ya asubuhi tangu nimjue. Na Mma Seabe hajawahi kuniita mwanangu. Watu wakianza kukuita mwanangu ghafla, kuna jambo.

Sasa weka pamoja. Mwandiko mzuri. Rangi mpya, mazulia, kiti kinasukwa. Nyumba hupakwa rangi watu wakitarajiwa. Wewe hujawahi kunidanganya, na sasa umenitumia mbuzi. Na sura uliyoikata ni ile ambayo Vela anafungua mlango wa mama yake. Sihitaji kuisoma tena. Anamkuta mama yake amekufa, ndiyo maana yuko juu ya treni analia, na wewe uliitoa kwa sababu ulijua nitakachokikuta na mimi.

Mnaningoja nimalize mitihani ndipo mniambie. Walifanya hivyo kwa Oratile wa kidato cha tatu, akafika nyumbani na zawadi ya bibi yake mkononi, bibi yuko kaburini wiki mbili.

Hisabati karatasi ya pili ni Jumatatu. Mimi Jumamosi napanda basi la Phenyo. Matroni hajui. Kama Mama yuko hai, nithibitishie kabla ya hapo, na usinithibitishie wewe. Wewe sikuamini tena.

Nilisema tangu mwanzo ni mjomba.

Keneilwe


Tonota
Alhamisi, 23 Oktoba 2014

Keneilwe, mtoto wa dada yangu,

Mama yako yu hai. Amekaa mbele yangu anachambua mboga na ananitazama kwa jicho ambalo hata wewe hulijui. Nimempigia matroni akuambie, lakini najua ukiambiwa "mama yako mzima" utasema ndivyo wanavyosema siku zote. Kwa hiyo ndani ya bahasha hii kuna karatasi yake, kwa mkono wake. Isome kwanza kisha urudi hapa.

Umerudi? Haya.

Barua yako ilinifikia asubuhi nikiwa kazini, Mma Thato yuko kwenye usukani. Nilisoma mistari michache nikamwambia, "Mma, leo hatuendi kwenye madumu. Endesha, twende Tonota." Akasema hajawahi kutoka nje ya mji. Nikamwambia na mimi sijawahi kuwa na haraka. Ameendesha barabara kuu yote, na bango la mwanafunzi liko juu ya paa, akapita punda, akapita lori, hakugonga kitu. Inaonekana kinachomshinda ni kwenda nyuma tu. Sasa yuko nje anakunywa chai ya mama yako.

Nitakwambia, na mama yako ameniruhusu, baada ya kuniita majina.

Jumamosi watu walikuja kuomba kibuyu cha maji. Umesikia. Wewe ni binti mkubwa, unajua watu wakiingia uwanjani alfajiri na mablanketi yao na kusema wametumwa kuomba kibuyu cha maji, kibuyu ni nani. Ni mama yako. Anayemtaka ni Rra Sebego, yule wa chanjo za ng'ombe, mwembamba, anayevaa mkanda na bado anashika suruali. Makoti ni yale yale na mablanketi ni yale yale. Sisi watu wa hapa tunazika na kuposa kwa nguo zile zile, na sijawahi kuona ubaya wa jambo hilo mpaka leo asubuhi. Hema hakuna kwa sababu hakuna hema.

Kwamba nilikuwa jikoni kama mtu aliyefukuzwa, Gofaone ana macho mazuri. Nilifukuzwa. Nilivaa koti langu, nikajisemea mimi ndiye kaka wa Boikanyo, mimi ndiye mjomba, nitakaa mbele. Mzee Keoagile, mkubwa wa ukoo wetu, akaniambia, "Ditiro, nenda kaangalie moto." Nikamwambia moto unajiangalia wenyewe. Akasema, "Basi kaangalie unavyojiangalia." Asiye na ndoa haketi kwenye mazungumzo ya ndoa, hata akiwa na mvi, hata kama ni ya dada yake. Nilikaa na watoto tukikoroga chai, na nilipojaribu kusogea dirishani nisikie kidogo, nikashika birika badala ya ukingo wa dirisha. Ndiyo habari ya mkono. Nilichosikia ni mtu akikohoa.

Sasa sura ya ishirini. Hakuna mbuzi. Yule mnyama namwomba radhi.

Mama yako aliniambia tangu Septemba, akanifunga mdomo: mtoto asijue mpaka amalize karatasi ya mwisho. Ukoo mzima unasema mdomo wangu hauna breki, nikataka mara moja maishani niwaonyeshe. Halafu nikafika sura ya ishirini. Vela anafungua mlango, anamkuta mama yake amekaa na mume mpya, na mume mpya amekaa kwenye kiti cha baba. Mjomba Bruk yupo. Vela anamwuliza, ulijua? Anasema, nilijua. Vela anageuka anaondoka.

Unajua gari langu lina breki ya pili, upande wangu. Mwanafunzi akiwa bado anatazama kioo, mimi nimeshamwona ng'ombe, nimeshakanyaga. Wanafunzi huchukia. Husema, Rra, na mimi nilikuwa nimemwona. Nilimwona ng'ombe kwenye ile sura, nikakanyaga. Nilijua ukiisoma utaniandikia, "Mjomba, wewe Mama akitaka kuolewa ungeniambia?" Nami ama ningekudanganya ama ningevunja ahadi.

Sikufikiri kwamba ukikuta pengo utalijaza mwenyewe, na utalijaza kwa kaburi. Kosa langu hilo, la kwako halimo.

Nakutumia sura ya ishirini, kurasa zote. Na kipande cha tatu chote, mpaka mwisho. Sijakisoma. Nilipita nyumbani kukichukua, nikaondoa pasi, nikakitia kwenye bahasha. Nilitamani kufungua ukurasa wa mwisho pale mlangoni, Mma Thato akapiga honi. Sasa wewe ndiye utakayejua kabla yangu ni nani aliyekuwa Sikio, na unaweza kunifanya utakavyo.

Phenyo anaondoka alfajiri. Usipande basi lake. Fanya Hisabati yako.

Mjomba wako, hata usiponiamini,
Ditiro


(Karatasi iliyokunjwa ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Keneilwe,

Ni mimi. Mwandiko unauona, nimeacha herufi zikimbie.

Siku uliyopiga nilikuwa nimekaa pale pale. Nilimwashiria Mma Seabe aseme nimelala. Ningeisikia sauti yako ningesema yote, na sikutaka kuyasema kwenye simu ya shule matroni akisikiliza. Nilikosea. Sikujua utalia vile. Mma Seabe naye hakula siku hiyo.

Ile rangi ni rangi tu. Kiti cha baba yako nilikipeleka kwa sababu kilikuwa kimetoboka na sikutaka wageni wakione hivyo wafikiri hatumheshimu. Kimerudi, kiko chumbani kwako. Hakuna aliyekikalia.

Wamekuja, wamesema, wameondoka. Sijajibu. Nimewaambia wazee jibu langu litangoja. Mzee Keoagile aliuliza linangoja nini, nikamwambia linangoja mtu aliyeko Maun anafanya mtihani. Hakupenda, lakini ameandika hivyo kwa wenzake. Nilitaka nikuulize nikikutazama, si kwa karatasi. Ukisema hapana, itakuwa hapana, na sitakukumbusha.

Utaniuliza wewe utakwenda na nani. Unakwenda na mimi. Hilo halikuwa la kujadiliwa na mtu yeyote.

Nakutumia karanga.

Mama yako,
Boikanyo


Bwenini, Maun
Jumanne, 28 Oktoba 2014

Mjomba,

Nimefanya Hisabati. Usiulize swali la nane.

Karanga zilifika na nilizinusa kabla sijasoma chochote. Mama huzikaanga mpaka chache ziungue, hakuna mtu mwingine duniani anayeziharibu hivyo. Hapo ndipo nilipoamini. Samahani, mwandiko ungeweza kuigwa. Nilikuwa nimeshafunga begi. Gofaone alilifungua akarudisha nguo moja moja, akila karanga zangu kwa upande ambao bado una meno.

Kisha nilikasirika, siku mbili nzima. Nilikasirika zaidi kuliko nilivyokuwa na huzuni nilipodhani amekufa, na hilo limenitia aibu, kwa hiyo sikukuandikia. Namkumbuka Rra Sebego. Aliwahi kuja kuchanja ng'ombe wa Baba, akakaa kwenye benchi, akakataa chai. Nimejaribu kukumbuka kama alimtazama Mama. Nimemtazama kichwani kila upande kama mkaguzi. Sikumbuki. Nakumbuka alishika suruali.

Sura ya ishirini nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Unajua nini, Mjomba? Wewe uliisoma umekaa upande wa Bruk, ukaona "ulijua" na "nilijua" ukaogopa. Mimi nimeona kitu kingine. Vela anaingia, anatazama kiti, anatoka. Hakai hata kidogo. Hakumuuliza mama yake swali hata moja. Kitabu kizima anasaka nani alisema nini mezani, na siku anafika mezani haketi. Nilimpenda Vela tangu kitabu cha kwanza, lakini pale nilitaka kumvuta sketi.

Mimi nitakaa. Mwambie Mama karatasi ya mwisho ni Ijumaa ya tarehe saba, nafika Jumamosi. Sijasema ndiyo na sijasema hapana, na wazee wasianze kuvaa makoti. Nataka Rra Sebego aje mwenyewe, mchana, bila wajomba, bila mablanketi, aje kama mtu aliyepotea njia. Kiti cha Baba kitolewe nje kivulini, nitakikalia mimi. Yeye atakaa kwenye benchi, na safari hii atakunywa chai. Nataka kuona anatia sukari kiasi gani na kama anamwangalia anayempa. Jibu langu nitampa Mama jioni, nikimtazama.

Wewe pia uwepo. Moto uwe umeshakolea kabla, usipate kisingizio cha kukaa jikoni.

Sasa yetu. Kipande cha tatu nimekimaliza. Najua ni nani aliyekuwa Sikio. Niliposoma nilifunga kitabu nikakaa kitandani na viatu. Nakurudishia vipande vyote kwa Phenyo, ushone kitabu kiwe kimoja tena, lakini utaona kwamba ukurasa wa mwisho haupo. Ukingo umenyooka kama rula. Niliazima wembe kwa matroni.

Usimsingizie mbuzi, hayuko huku.

Ukurasa huo nitamkabidhi Mma Thato. Mtu aliyekununulia kitabu Gaborone, akakuendesha mpaka Tonota bila kugonga punda, halafu akirudi mjini eti anayagonga madumu wiki hadi wiki na bado hatafuti mwalimu mwingine, huyo, Mjomba, mimi namshuku. Nina hakika hata wewe unamshuku. Mwombe mwenyewe akusomee. Na ukienda kumwomba jambo lingine, vaa lile koti, ili siku nyingine ya makoti wakuruhusu kukaa ndani.

Najua hutalala. Kwa hiyo nakupa neno moja tu, kwa sababu nilikuandikia jambo baya tarehe ishirini na moja na siwezi kulikata kwa wembe.

Hakuwa mjomba.

Mpwa wako,
Keneilwe